Trekta Kuukuu Tulilolifufua Siku za Jumamosi

(Hotuba hii ilitolewa na wanakikundi wawili kutoka Trans Nzoia katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Sisi tuliosimama hapa mbele ni wawili, lakini tunasema kwa niaba ya watu tisa. Tumeombwa tueleze habari ya lile trekta dogo la kijivu ambalo wengi wenu mmelipita pale nje karibu na tangi la maji. Katika barua ya kutualika tuliandikiwa kwamba tueleze "mradi wa trekta". Tunaomba ruhusa tusahihishe jambo hilo kabla hatujaendelea. Trekta si mradi. Kikundi chetu kina watu 23 na miradi tunayo: tuna ng'ombe wa maziwa, tuna kitalu cha miche, na tuna ule mzunguko wa pesa wa kila mwezi ambao wote mnaujua. Hili trekta ni kitu cha kujifurahisha. Watu tisa kati ya hao 23 tulipenda tu kulifufua, tukawa tunakutana Jumamosi baada ya saa nane, kazi za shamba zikiisha. Wengine Jumamosi huenda kutazama mpira. Sisi tulikuwa tunaenda kukwangua kutu.

Tunalisema hili mapema kwa sababu kuna ndugu hapa wameshatuuliza pale mlangoni, "Linaingiza pesa ngapi kwa mwezi?" Jibu ni kwamba haliingizi. Mtu akitaka kulimiwa ekari zake, ni afadhali akodi trekta la kawaida la dizeli, atamaliza haraka na kwa pesa kidogo. Letu linakunywa petroli, kama lita nne au tano kwa saa likifanya kazi nzito, na mnakumbuka Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Fanyeni hesabu wenyewe.

Sasa tuanze mwanzo.

Trekta lilikuwa limesimama kwenye boma la mzee mmoja, jirani yetu upande wa Endebess. Baba yake alilipata pamoja na shamba wakati walowezi walipokuwa wakiondoka baada ya Uhuru. Lilifanya kazi miaka mingi, halafu siku moja likakataa kuwaka, likasukumwa chini ya mti wa parachichi, likakaa. Lilikaa karibu miaka 40. Kuku walitaga chini ya kiti. Mbuzi walipanda juu ya boneti. Sisi wengine tulicheza juu yake tukiwa watoto, tukivunja hata kile kilichokuwa hakijavunjika, na hilo tulilijutia baadaye tulipokuwa tukitafuta kifuniko cha rediata.

Mwishoni mwa mwaka 2021 mzee alikuwa amepatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje alikate vipande. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya kuharibiwa kwa nyaya na minara ya stima. Marufuku yale yaliondolewa baadaye mwaka huo huo, lakini kwa muda mnunuzi hakuonekana. Ndipo Februari tulimwendea mzee tukamwambia, "Baba, tuuzie sisi." Alicheka sana. Alitaka shilingi 30,000. Tukapatana tutoe 5,000 kwanza na zilizobaki kidogo kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa anatoa 500 kwa mwezi, yaani 4,500 kwa watu tisa.

Kabla ya kulipa tulifanya jambo moja ambalo tunawashauri wote wanaonunua mashine kuukuu. Tulisoma bamba. Kila Ferguson lina bamba dogo lenye herufi na namba, na herufi hizo zinasema injini ni ya aina gani. TEA ni ya petroli, TED ni ya yale mafuta ya taa ya matrekta yaliyotumika zamani, na TEF ni ya dizeli. Letu ni TEA-20. Tulipolinganisha namba yake na orodha tuliyoipata kwenye simu tukaona ni la mwaka 1951, yaani limewapita kwa umri watu wengi waliokaa hapa. Matrekta haya yalitengenezwa mji wa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 mpaka 1956, zaidi ya 500,000. Wingi huo ndio ulituokoa, kwa sababu huko Uingereza na Ireland wapo watu maelfu wanaofufua matrekta kama haya kwa kujifurahisha, na kwa hiyo vipuri bado vinatengenezwa mpaka leo. Kama lingekuwa trekta lililotengenezwa chache tu, tungekuwa na sanamu ya chuma.

Vijana wetu walipenda sana kusikia kwamba Edmund Hillary, yule aliyepanda Mlima Everest mwaka 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958 akitumia Ferguson tatu za namna hii, zimefungwa mikanda ya chuma juu ya magurudumu zisizame kwenye theluji. Siku ambazo letu lilikataa kuvuka mtaro wa jirani tulikumbushana habari hiyo, tukalitukana kidogo.

Basi, injini. Injini ilikuwa imeshikana kabisa. Mtu fulani, zamani, alitoa plagi moja ya mbele akaacha tundu wazi. Mvua ikaingia humo, silinda ikaota kutu, pistoni ikashika kama imechomelewa. Siku ya kwanza tulitaka kutumia nguvu. Tulipanga kulifunga nyuma ya trekta la jirani, tuweke gia, livutwe mpaka injini igeuke. Fundi mmoja wa jua kali pale Kitale alitukataza. Alisema, "Mkilivuta hivyo mtapinda mikono ya pistoni, halafu mje kunililia." Alitufundisha njia ya watu wenye subira: toa plagi zote, changanya dizeli na oili ile nyembamba ya gia za otomatiki, mimina kila silinda kiasi cha kikombe, funika matundu na vitambaa, nenda nyumbani. Rudi Jumamosi ijayo, ongeza. Baada ya wiki mbili au tatu weka gia ya juu, shikeni gurudumu kubwa watu wawili, mlisukume mbele na nyuma polepole kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto.

Sisi ilituchukua wiki tano. Siku lilipogeuka lilisogea kiasi cha upana wa kidole tu, lakini mama mmoja katika kikundi chetu alipiga vigelegele, na watu wakaja mbio kutoka sokoni wakidhani kuna harusi.

Tulipofungua hedi ya silinda tukaona silinda tatu ni nzuri na moja imeliwa. Hapa injini hii ina jambo zuri. Silinda zake ni mikebe inayotoka. Huhitaji kupeleka injini nzima ikachongwe. Unavuta ule mkebe mmoja, unaweka mwingine. Lakini chini ya mikebe kuna vishikizo vyembamba vya kuzuia maji, vina umbo kama namba nane, na ukigusa mkebe lazima uweke vipya. Sisi tulivitazama, tukaona vinaonekana sawa, tukavirudisha. Baada ya siku chache oili kwenye kijiti cha kupimia ikawa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ina maana maji yameingia kwenye oili. Ikabidi tufungue upya kila kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia injini, kabla hujasikiliza maneno yake vuta kijiti cha oili. Ukiona chai ya maziwa, muage vizuri uende.

Mengine yalikuwa madogo lakini yalikula muda. Spana zetu zote zilikuwa za milimita, na nati za trekta hili ni za inchi. Spana isiyokaa sawa inakula kona za nati, na nati ikishakuwa mviringo utaikata kwa msumeno. Tulitafuta spana za inchi kwa wazee waliowahi kufanya kazi katika mashamba makubwa, na mama mmoja mjane alituletea sanduku zima la marehemu mumewe. Alikataa pesa. Alisema tu tusizipoteze. Mpaka leo zinahesabiwa kila jioni.

Kabureta ilikuwa imejaa utomvu wa petroli ya zamani, mgumu kama gundi. Tuliilowesha, tukazibua vile vitundu vidogo kwa unywele wa ufagio. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika waya wa chuma, akanyang'anywa. Tundu lile limepimwa, ukilipanua kidogo tu injini itakunywa petroli kama ng'ombe mwezi wa Januari. Nyaya zilikuwa zimeliwa na panya, tukaweka mpya. Pointi za distribyuta tulizisugua kwa msasa laini mpaka moto wa plagi ukabadilika, kutoka ule wa manjano dhaifu ukawa wa buluu unaolia.

Tangi la petroli tulilitikisa na kokoto na maji ya sabuni kuondoa kutu. Lilikuwa na tundu chini, na hapa tunaomba akina baba wenye welding wasikilize. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko tangi lililojaa, kwa sababu ndani kuna hewa ya petroli, na hiyo ndiyo inayolipuka. Hata kama limekauka miaka 40 msiliguse na moto. Fundi wetu alilijaza maji mpaka juu, akabakiza mahali padogo pale pa kuziba, ndipo akafanya kazi, na sisi alitufukuza tukasimame ng'ambo ya barabara.

Sasa ikaja siku ya kuliwasha, Agosti 2023. Betri mpya, petroli lita tano, maji, oili. Watu wamekaa kwenye viti walivyoleta wenyewe. Tukageuza ufunguo. Kimya. Tukatafuta kitufe cha stata. Hakuna. Tulitafuta chini ya kiti, tukatafuta kwenye dashibodi, tukafuata waya mmoja baada ya mwingine, na watu wameanza kucheka. Alikuwepo mzee mmoja, umri wake umepita miaka 80, ambaye ujanani alikuwa turniboi katika shamba la mlowezi. Alikuwa amekaa kwa fimbo yake hasemi kitu. Mwishowe akainuka, akasema, "Nyinyi vijana mnatafuta nini? Stata iko kwenye gia." Akapanda polepole, akakanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia mahali palipoandikwa S, na injini ikaanza kuzunguka.

Trekta hili limeundwa hivyo kwa makusudi. Ule mkono wa gia ndio unaowasha, kwa hiyo huwezi kuliwasha likiwa ndani ya gia likakukanyaga. Lilikohoa mara tatu, likatoa moshi mweusi na kiota cha panya kutoka ekzosti, kisha likashika. Mzee alikaa pale juu akilisikiliza. Tulipomwambia ashuke alisema tumwache kwanza. Alikaa mpaka lita tano zikakaribia kuisha, na hakuna aliyemsumbua tena.

Tungependa kuishia hapo, maana hapo ndipo pazuri. Lakini mwenyekiti wa mkutano alituandikia kwamba tuseme ukweli wote, na ukweli una mambo mawili yasiyopendeza.

La kwanza ni la pesa. Mwanzoni mwa 2023, kabla ya injini kuwaka, tulihitaji vishikizo, ringi, gasketi na ule mkebe mmoja. Jumla ilikuwa 21,000, na muuzaji alisema vipuri vimebaki seti moja tu. Michango yetu ilikuwa haijafika 3,000. Baadhi yetu tunashika vyeo katika kikundi kikubwa, na tulikuwa na ufunguo wa sanduku. Tukachukua 21,000 za mzunguko. Tulijiambia tutarudisha kabla ya zamu ya mtu inayofuata. Hatukuita mkutano, hatukuandika kwenye kitabu.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Alikuja na risiti ya shule mkononi, sanduku likafunguliwa, na pesa hazikutosha. Hatuna njia nzuri ya kulieleza jambo hilo. Alitutazama, akatazama mikono yetu ambayo ilikuwa bado na grisi, akasema, "Kwa hiyo mtoto wangu anangoja trekta." Kijana alichelewa kuripoti shule kwa siku tisa, mpaka mmoja wetu akauza ndama.

Kikundi kilikutana wiki hiyo. Kulikuwa na watu waliotaka trekta liuzwe mara moja kwa kilo, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Tuliomba msamaha mbele ya wote, na mama yule mbele kabisa. Yule aliyeuza ndama hakuomba arudishiwe mpaka sanduku limejazwa. Tuliamriwa turudishe kila senti, ikatuchukua miezi mitano bila kununua hata plagi moja. Aliyekuwa ameshika ufunguo alijiuzulu mwenyewe. Tangu siku hiyo sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna mmoja wa watu tisa wa trekta anayeruhusiwa kushika ufunguo. Sheria hiyo iliandikwa na akina mama na sisi tuliipigia kura. Mpaka leo tunaipitia kila mkutano wa mwaka, na bado haijaondolewa. Tunaona ni sawa isiondolewe.

La pili karibu litoe uhai wa mtu.

Lakini kabla ya hilo, kichekesho kimoja, kwa maana tunaona nyuso zimekuwa nzito. Baada ya injini kuwaka tuliona mikono ya nyuma, ile inayoinua plau, haiinuki. Tukajua haidroliki imekufa. Tulimwaga oili yote ya nyuma, na kwanza yalitoka maji, kisha oili. Inachukua zaidi ya lita 20, na oili ile ile ndiyo ya gia, ya ekseli na ya haidroliki, kwa hiyo mtu asifikiri ataongeza kidogo tu. Tukaweka mpya. Bado. Jumamosi mbili nzima tulifungua kifuniko cha juu, tukatazama, tukafunga. Dada mmoja aliyekuwa ametuletea uji akauliza, "Na hii rungu ndogo hapa pembeni ni ya nini?" Tukamwambia ni ya ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, haihusiani. Akaisukuma. Mikono ikainuka. Katika trekta hili pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ile ile, na bila kuingiza rungu hiyo haitafanya kazi milele. Na ukikanyaga klachi, vyote viwili vinasimama. Dada huyo sasa ndiye tunamwita fundi mkuu, na kwa kweli ndiye anayejua kulisikiliza kuliko sisi wengine.

Haya. Mwaka 2024 mmoja wetu alikuwa anataka kung'oa kisiki cha mkaratusi katika shamba lake. Tulikuwa tumeshapaka rangi, tumejaa majivuno, tukasema trekta litaweza. Tulifunga mnyororo kwenye kisiki, na upande wa trekta tukaufunga juu, pale panaposhikwa mkono wa juu wa plau, kwa sababu palionekana pana nguvu na mnyororo haukufika vizuri chini. Kijana wa miaka 24 akapanda. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi ghafla.

Magurudumu ya nyuma hayakuteleza na kisiki hakikutoka. Kitu kilichokuwa huru kwenda ni pua ya trekta tu, ikaenda juu. Hatukupata nafasi ya kupiga kelele. Mambo haya huchukua muda mfupi mno, chini ya sekunde mbili, na trekta la zamani kama hili halina kizimba cha chuma cha kumkinga dereva. Likipinduka nyuma linamlalia yeye na usukani kifuani. Kijana alikanyaga klachi. Anasema hakufikiri, mguu wenyewe ulikanyaga. Pua ilishuka kwa kishindo, ekseli ya mbele ikapinda, na yeye akashuka akaenda kukaa chini ya mti. Hakusema neno mpaka jioni. Mama yake alipofika hakutulaumu. Alimshika mwanawe mkono, wakaondoka, na sisi tukabaki tumesimama na mnyororo.

Kilichotuumiza zaidi tulikijua baadaye tuliposoma habari za mtu aliyelibuni trekta lenyewe. Harry Ferguson alikuwa mtu wa County Down, Ireland, alizaliwa 1884. Aliona matrekta ya wakati wake yakivuta plau kwa nyuma, plau ikigonga jiwe trekta linainuka na kumwangukia dereva. Watu walikufa. Katika miaka ya 1920 akabuni ile mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Plau ikigonga jiwe, ule mkono wa juu unasukuma mbele na kulikandamiza trekta chini badala ya kuliacha liinuke. Leo karibu kila trekta mnaloliona barabarani lina mikono mitatu hiyo. Mtu huyo alitumia miaka mingi kuzuia jambo lile hasa, na sisi kwa mnyororo mmoja tukalitengua, tena tukifunga pale pale alipoweka kinga yake.

Kwa hiyo kama mna trekta lolote, jipya au kuukuu, lako au la kukodi: kitu cha kuvutwa kifungwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia, chini ya usawa wa ekseli, kamwe isiwe juu. Klachi iachiliwe polepole. Visiki tumeviacha kwa majembe na mashoka. Kijana yule alikaa miezi mitatu hakuligusa trekta, na hatukumuuliza. Alirudi mwenyewe Jumamosi moja na msasa mkononi, akaanza kusugua rimu. Siku hizi yuko katika gereji moja Kitale anajifunza kazi, na kila mteja anayekuja na trekta anamuuliza mnyororo wake anaufunga wapi.

Mmetaka kujua gharama. Tunazo katika kitabu, na kitabu kiko pale mezani, mtu yeyote akifungue. Kwa ufupi, trekta lenyewe 30,000 na lori la kulibeba 5,000. Vipuri vya ndani vya injini ni zile 21,000 tulizozieleza. Tairi mbili za mbele za mitumba 11,000, tyubu za nyuma 9,000, na tairi zenyewe za nyuma ni zile zile za zamani zenye nyufa. Betri 9,500. Plagi, pointi na nyaya 6,800. Oili zote 12,400, rediata 4,500, mafundi 14,000 na rangi 3,800. Jumla 127,000 katika muda wa miezi 28 na zaidi kidogo. Ekseli iliyopinda hatukuiweka humo, kwa sababu tulioufunga mnyororo tuliilipa kutoka mifukoni mwetu.

Kuna anayeuliza, je, lilistahili? Katika sisi tisa hatujapatana. Mmoja wetu huwa anasema kwa pesa hizo angenunua ng'ombe wa maziwa mzuri, na hakosei. Mwingine, mjane, anasema kabla ya hapo alikuwa hana mahali pa kwenda Jumamosi. Linavuta trela la mahindi kutoka mashamba ya karibu, wakati wa mavuno linazungusha mashine ya kupukuchua, na mara chache tunalima nalo kwa plau ya majembe mawili, zaidi kwa kulitazama likigeuza udongo. Jirani akiomba, tunakwenda naye akinunua petroli yake, na dereva ni mmoja wetu, na hakuna anayebebwa pembeni wala nyuma, hata mtoto akilia namna gani.

Baada ya chakula cha mchana tutaliwasha pale nje. Wenye watoto tafadhali wawashike mkono, na wasimame upande wa mbele mbali na ile shafti ya nyuma. Yule mzee turniboi tumekuja naye, yuko pale kwenye kiti cha tatu. Yeye ndiye atakayesukuma gia.

Na kama kuna mtu hapa ambaye kwao kuna Ferguson ya kijivu imelala chini ya mti, asiiuze kwa kilo kabla hajazungumza na sisi. Bado tunatafuta kifuniko cha rediata.